Siku Tuliyoziacha Soli Mnazi Mmoja

Aibu ninayo, nakubali, na sitajitetea sana mwanzoni maana nikianza kujitetea mapema mtasema huyu mama ana lake jambo. Nimewahi kufunguka kanga mbele ya wakwe, nimewahi kumwamkia mtu shikamoo kumbe nimempita kwa miaka sita, yote hayo yalikwisha nikacheka na watu wakacheka. Lakini hili la Mnazi Mmoja, bendi inapiga, watu wamejaa mpaka juu ya kuta, kipaza sauti kinaitaja kazi yangu mimi, hili mpaka leo nikilikumbuka nashikwa na joto la uso. Na kinachonikera zaidi hata si ile aibu yenyewe, ni kwamba nilibebeshwa, nikabebeshwa na mtu mzima mwenye akili zake timamu, na sehemu ya mzigo (hapo ndipo kinywa kinapokuwa kichungu) nilijitwika kwa mkono wangu mwenyewe.

Miaka ile, mnaikumbuka, ya kila mtu kuitwa Ndugu na kila kitu kuwa na foleni, nilikuwa nafanya kazi kiwanda cha viatu cha umma pale upande wa Gerezani. Nilikuwa nakaa Ilala kwa shangazi yangu Fidea, aliyenitoa kwetu Masasi nikiwa msichana na kunitafutia kazi ya kufagia pale kiwandani, nikafagia miaka miwili, nikawa nafagia huku macho yangu yako kwenye mashine, mpaka siku opereta mmoja alipoumwa nikasema mimi naweza, wakacheka, nikaonyesha, wakaacha kucheka. Ndiyo nikawa mwanamke wa kwanza pale kupewa mashine ya kubandika soli. Shangazi alitangaza mtaa mzima. Ungedhani nimepewa ubalozi.

Viatu vyetu soli haikushonwa, ilibandikwa. Mwenzangu Zainabu, meza ya kabla yangu, alipaka gundi kwa brashi kwenye soli na chini ya kiatu, ikaachwa ikauke mpaka ukiigusa haishiki kidole, halafu mimi naviingiza vyote kwenye oveni ndogo ili ile gundi iamke kwa joto, navitoa haraka haraka, naipachika soli kwa mkono (ukikosea hapo kidogo tu kiatu kimekuwa mdomo wa bata), nakiweka ndani ya mashine, nakanyaga pedeli, upepo unagandamiza, nahesabu sekunde kumi na mbili, nafungua. Kazi ya kuhesabu na kuunguza vidole, basi, lakini niliipenda, na kiatu nilichobandika mimi ungeweza kukivaa ukaenda nacho kwa miguu mpaka Kibaha na kurudi.

Sasa gundi ile haikuwa inakwenda peke yake. Ilichanganywa na dawa ya kukazia, maji maji fulani ya kahawia yaliyokuja kwenye vichupa kutoka nje, na vichupa hivyo vilikuja meli ikija na pesa za kigeni zikiwepo, mnanielewa. Bila ile dawa gundi inashika vizuri tu ukiwa kivulini, unaweza hata kuvuta kwa mkono isitoke, ila ikipata joto inalegea kama ubani wa kutafuna. Hilo nilikuwa nalijua. Kila aliyefanya kazi pale alikuwa analijua. Na zaidi ya wote alikuwa analijua msimamizi wetu wa zamu, Ndugu Mbaruku.

Huyu Ndugu Mbaruku nimweleze kidogo. Mtu mnene, msafi, kalamu mbili mfukoni, sauti ya kwenye mikutano hata anapoomba chumvi kantini. Hakuwa mtu wa kutukana wala wa kupiga kelele. Alikuwa mtu wa kukuita pembeni, akakushika bega, akakwambia, "Ndugu yangu, wewe ndiye ninayekutegemea." Ukisikia hivyo ujue umekwisha.

Ikatangazwa kwamba kutakuwa na maandamano makubwa ya wafanyakazi, viwanda vyote vitapita Mnazi Mmoja mbele ya mgeni rasmi, na sisi wa viatu meneja wetu akaamua tutapita tumevaa viatu vipya vya kwetu wenyewe, jozi mia na ishirini, vyeusi, vya kufanana, wanaume kwa wanawake. Wazo zuri, sikatai. Tatizo tulipewa siku sita. Tukafanya kazi kama tumekopeshwa mikono ya watu wengine, na kuanzia Jumanne nikaanza kuona gundi imekuwa nyepesi, brashi ya Zainabu inadondosha kama uji, na harufu ya thina, ile ya kuzimulia rangi, imezidi mpaka macho yananiwasha. Soli nikiipachika inateleza kidogo kabla ya kutulia. Nikamwuliza Zainabu, "Hii gundi vipi?" Akaangalia brashi yake. Akasema, "Si unaiona?" Nikamfuata Ndugu Mbaruku, nikamwuliza na yeye.

"Gundi mpya hiyo, Ndugu Anjela," akasema. "Ya kisasa. Nyepesi lakini kali."

Nikarudi kwenye mashine yangu. Kwani mimi nani nibishane na gundi ya kisasa?

Alhamisi ndiyo siku nilipojimaliza. Pale kiwandani kulikuwa na mkaguzi, Mzee Salehe, mzee mkavu asiyecheka, kazi yake ilikuwa kuchukua jozi katika kila fungu, kuzipasha moto, kuzishika kwa koleo na kuvuta soli kwa nguvu zake zote, zikikataa kutoka anatia saini kwenye daftari lake na fungu linaenda stoo. Sasa Mzee Salehe alikuwa amefiwa, amekwenda kuzika Utete. Viatu vimekwisha, vimepangwa, daftari liko wazi halina saini. Saa nane mchana Ndugu Mbaruku huyo, na daftari kwapani, ananishika bega.

"Ndugu Anjela, wewe ndiye ninayekutegemea. Hakuna anayeijua hii mashine kama wewe. Tia saini hapa kwa niaba ya Mzee, tuvipeleke stoo."

Nikasema, "Lakini sijavivuta, Ndugu Mbaruku."

"Utavivuta kesho asubuhi, jozi mbili tatu, kwa utulivu. Leo tia saini tu, karatasi zisilale."

Ningesema hapana. Nasema kweli ningesema hapana, neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini saa ile ile (ona mambo yanavyopangana) aliingia mtu wa kantini akinong'ona meza hadi meza kwamba Kariakoo, duka la ushirika, zimeshuka kanga. Kanga! Mwaka ule kanga mpya mara ya mwisho niliiona kwa jirani, tena ya kuazimwa kwenye harusi. Wanawake wote wakaanza kuangalia saa ya ukutani. Ndugu Mbaruku naye alisikia, akatabasamu kwa upole, akasema, "Ukimaliza hapa unaweza kutoka saa tisa. Nitakuandikia ruhusa."

Nikachukua kalamu. Na si kwamba nilitia saini ya kujificha, la, niliandika jina zima, Anjela, na la baba, na mkia wa herufi ya mwisho nikauzungusha mara mbili kama karani wa benki. Nilijisikia mkubwa. Mjinga hajijui anapokuwa kwenye kilele chake, mimi nilikuwa kileleni pale na nikapunga mkono.

Nikakimbia Kariakoo. Foleni ilikuwa imezunguka kona, watu na mawe (mtu akienda kujisaidia anaacha jiwe, au kapu, au kiatu kimoja, na ole wako ulisogeze), nikasimama, tukasukumana, mama mmoja akaniambia nina kiwiko kama mlingoti, nikamwambia naye ana mdomo kama kipaza sauti, tukawa marafiki. Nilipofika dirishani saa kumi na mbili kasoro, muuzaji akanitazama kwa huruma. Kanga zimekwisha. Kulikuwa kumebaki viwembe. Nikanunua viwembe, pakiti mbili, kwa sababu mtu hawezi kusimama masaa matatu akarudi mikono mitupu, nikaenda navyo nyumbani na shangazi akaniuliza, "Unaanza kunyoa ndevu lini?"

Ijumaa asubuhi nikafika na koleo mkononi niende kuvuta hizo jozi mbili tatu. Stoo imefungwa. Viatu vimeshahesabiwa, vimeshagawiwa kwa majina, watu wanajaribu na kucheka na kutembea kama maaskari. Nikamtafuta Ndugu Mbaruku, nikaambiwa yuko kwenye kikao cha maandalizi. Nikatazama viatu vyangu. Vilipendeza. Nikavishika soli nikavivuta kwa vidole, hapo kivulini, havikutoka. Nikasema moyoni, aa, vizuri tu. Nikaweka koleo mfukoni.

Jumamosi, basi.

Tulikutana kiwandani alfajiri na ubaridi wake, tukapangwa safu nne nne, na mbele kabisa kitambaa kirefu chekundu kwenye miti miwili, kimeandikwa kwa herufi nyeupe VIATU VYETU, HATUA ZETU. Nani abebe kitambaa? Meneja akasema mti mmoja ashike mwanamke, ionekane kwamba kina mama wanaendesha mashine. Mimi hapo. Mti wa pili akashika Ndugu Mbaruku. Shangazi Fidea alikuwa ametangulia Mnazi Mmoja kukamata nafasi ya mbele, na alikuwa ameenda na nusu ya mtaa wetu wa Ilala, wamebeba maji na mihogo kama watu wanaokwenda kuangalia mpira.

Tulitembea Barabara ya Uhuru vizuri tu, bendi mbele, wapagazi wa Kariakoo wamesimamisha mikokoteni yao wanatupigia makofi, wenye maduka wametoka vibarazani. Nilikuwa nimenyoosha shingo kama twiga. Kisha tukasimamishwa. Mgeni rasmi hajafika. Tukasimama juu ya lami, jua limepanda, dakika kumi, nusu saa, saa nzima, lami ile ikaanza kung'aa na kunuka, na chini ya miguu yangu nikaanza kusikia kama kiatu kinanywea. Nikainua mguu wa kushoto kidogo. Soli ikachelewa kuja.

Nataka mnielewe hapo. Mguu ulikuja, kiatu kikaja, soli ikaja baadaye kidogo, kama mtu aliyeitwa akawa bado anamalizia mazungumzo. Nikamgeukia Ndugu Mbaruku kumwambia, na wakati nageuka macho yangu yakaenda chini, kwenye miguu yake.

Hakuwa amevaa viatu vyetu!

Alikuwa amevaa buti zake za zamani, za kushonwa, amezipaka rangi nyeusi mpaka zinameremeta, ukitazama kwa mbali huwezi kujua. Mtu mmoja katika watu mia na ishirini, na ni yeye. Nikamtazama usoni. Akatazama mbele.

"Ndugu Mbaruku," nikasema, "viatu vyako viko wapi?"

"Vilinibana," akasema. "Tazama mbele, wanaanza."

Ngoma ikalia. Tukaanza kwenda. Na nyuma yangu, safu ya kwanza, nikasikia: kwapu. Halafu: kwapu, kwapu. Halafu safu ya pili ikajibu, na ya tatu, mpaka ikawa sauti moja kubwa, kwapu-kwapu, kwapu-kwapu, kama wanawake mia wanaofua nguo kwa mpigo wa bendi. Sikugeuka. Ningegeukaje, nimeshika mti kwa mikono miwili, na upande wa pili mtu mwenye buti anatembea hatua ndefu ananivuta. Soli yangu ya kushoto ilishikilia kwa kisigino tu, ikawa inapiga lami mbele na nyuma, nikakunja vidole kuibana, nikawa natembea kama mtu aliyekanyaga mwiba na hataki mwenyeji ajue. Ya kulia ikatoka nzima. Niliiacha pale barabarani, na nasikia aliyekuwa nyuma yangu aliikanyaga akateleza nayo mpaka kwenye ngoma kubwa ya bendi ya kiwanda cha nguo.

Ndipo tukaingia uwanjani. Na hapo mbele ya jukwaa (hili sikulipanga mimi wala shetani, ni watu wa maandalizi kwa nia njema) walikuwa wamemwaga maji kutuliza vumbi. Mguu wangu wa kulia hauna soli, umebaki na ile kadibodi ya ndani. Kadibodi ikaingia kwenye matope, ikalowa, ikawa kama ugali wa jana. Hatua ya kwanza ikapasuka. Hatua ya pili ikabaki chini. Hatua ya tatu mguu wangu ukatokeza peku na ngozi ya kiatu ikapanda mpaka juu ya kifundo, ikakaa pale na kamba zake zimefungwa vizuri, kama bangili.

Na mtangazaji, maskini, alikuwa na karatasi aliyoandikiwa siku kadhaa kabla, akasoma kwa sauti nene ikasikika mpaka Kisutu:

"Na sasa wanapita mbele yenu ndugu zetu wa kiwanda cha viatu! Tunaombwa wananchi wote tutazame miguu yao!"

Wakatazama.

Kwanza akacheka mtu mmoja, mwanamke, kicheko chembamba kirefu, na uwanja mzima ukafuata. Watu walicheka wakashikana mabega. Wanaume wa kiwanda chetu, watu wenye wake na watoto, wamebeba soli mikononi kama vitumbua, wengine wameamua kuvua kabisa na kupita peku wamekaza nyuso. Zainabu nilimwona amefunika uso kwa leso. Jukwaani mgeni rasmi alikuwa ameinama anasema na mtu wa pembeni yake, na mabega yanamtikisika. Nikajaribu kwenda haraka nipite ile aibu, nikasahau kwamba mti niliobeba umefungwa kwenye kitambaa na kitambaa kimefungwa kwa Mbaruku, kitambaa kikakaza, nikateleza kwenye matope, nikakaa chini. Kitambaa kikaja juu yangu. Hapo chini ya kitambaa chekundu nilisikia sauti moja naijua, ya shangazi Fidea, inapaa juu ya watu wote:

"Anjela! Inuka mwanangu! Inuka, usiwape faida!"

Niliinuka. Nilitembea peku, matope mpaka kiunoni, ngozi ya kiatu kifundoni, nikamaliza uwanja. Nililia nilipofika nyuma ya jukwaa tu, tena nililia kwa hasira, si kwa kingine.

Sasa mnadhani hapo imekwisha? Jumatatu ukaitishwa mkutano wa wafanyakazi wote kantini. Meneja amekaa mbele, hajalala huyo, amepigiwa simu na kila mkubwa mwenye simu. Mkononi ana daftari la Mzee Salehe. Akalifungua, akauliza taratibu, "Nani Anjela?"

Nikasimama.

"Hii saini yako?"

"Yangu."

"Ulivipima viatu hivi?"

Nikasema, "Sikuvipima."

Kantini ikaguna. Neno hujuma likaanza kutembea kwenye mabenchi, na miaka ile hujuma haikuwa neno la kuchezea, mtu alipoteza kazi nalo, na mengine zaidi ya kazi. Na hapo hapo, kabla sijafungua mdomo, akasimama nani? Ndugu Mbaruku. Akaweka mkono kifuani. Akasema kwa masikitiko makubwa, "Ndugu Meneja, ndugu wafanyakazi, kosa ni langu. Nilimwamini mno huyu mama. Aliniomba ruhusa ya kuwahi kanga, nami kwa moyo wa kibinadamu nikamruhusu, sikujua kwamba ametia saini bila kupima. Na huenda kwa haraka ya hizo kanga alipunguza sekunde za mashine."

Sekunde za mashine! Jamani. Unaweza kuniambia mimi mchoyo, ukaniambia nina kiwiko kama mlingoti, lakini sekunde zangu? Mimi ninayehesabu kumi na mbili hata usingizini? Nikasema, "Ndugu Meneja, kabla hujanifukuza naomba dakika tano na oveni yangu."

Meneja akanitazama. Labda alichoka, labda alitaka tu kuona mwisho wa huyu mwanamke. Akasema, "Twende."

Kantini nzima ikahamia karakana. Nikachukua kiatu kimoja cha maandamano kilichokuwa hakijabanduka, kulikuwa na vichache, na kingine kutoka rafu ya mwezi uliopita, nilichobandika mimi vilevile, mashine ile ile. Nikaviweka vyote kwenye oveni, dakika mbili. Nikavitoa. Kile cha maandamano nikakishika kwa vidole viwili, kidole gumba na cha shahada, mbele ya macho ya wote, nikabandua soli kama mtu anayemenya ndizi. Kile cha mwezi uliopita nikampa Meneja na koleo.

"Vuta," nikasema. Nilisahau hata kusema Ndugu.

Akavuta. Akavuta tena. Akaweka kiatu chini, akakikanyaga, akavuta kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Soli haikusogea.

"Mashine ni hiyo hiyo, mkono ni huu huu," nikasema. "Kilichobadilika ni gundi. Sasa uliza gundi ilichanganywa na nani, na ilichanganywa na nini."

Nikamtazama Zainabu. Zainabu akaangalia sakafu, na nakuambieni kweli nilimchukia kwa ule muda, mwenzangu tuliyekula pamoja miaka minne. Kisha akainua uso, machozi yanamtoka, akasema kwa sauti ndogo, "Dawa ya kukazia iliisha Jumatatu. Ndugu Mbaruku alisema tuongeze thina gundi itoshe, na tukae kimya, kwamba viatu ni vya siku moja tu."

Ndugu Mbaruku akaanza, "Ndugu Meneja, katika mazingira magumu ya..."

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Tuambie kwanza kwa nini wewe ulivaa buti!" Na kumbe si mimi peke yangu niliyeziona. Karakana ikalipuka kwa kelele, na yeye hakumaliza ile sentensi mpaka leo.

Mtasema haki imetendeka. Ngojeni. Ndugu Mbaruku alihamishwa. Alihamishiwa ghala kuu, akapewa ofisi, meza na feni. Feni! Mimi, kwa kutia saini bila kupima, nikaondolewa kwenye mashine miezi mitatu nikapelekwa kufunga viatu kwenye maboksi, na nikapewa barua ya onyo. Kule Ilala wanawake wa bombani wakanibatiza Mama Kwapu-Kwapu, wengine wananiita hivyo mpaka sasa na wajukuu wao hawajui kwa nini. Zainabu alikuja nyumbani siku ya tatu, akakaa mlangoni, shangazi akatuletea chai sote wawili na ikawa imekwisha.

Lakini ile barua ya onyo ndiyo nataka kuimalizia, maana hapo ndipo nilipopata akili. Niliitwa kwa karani, akanisukumia karatasi na kalamu. "Tia saini hapo chini kwamba umepokea." Watu watano wananisubiri nyuma, saa ya chakula imekaribia, yeye mwenyewe ananitazama kana kwamba mimi ndiyo kwanza naiona kalamu.

Nikavuta kiti. Nikakaa. Nikaanza kusoma kuanzia tarehe.

"Mama, ni barua fupi tu hiyo," akasema.

"Naiona ufupi wake," nikamjibu, nikaendelea. Nikaisoma mara ya kwanza, nikaisoma mara ya pili, na mara ya tatu nikaweka kidole juu ya mstari wa nne. Ulikuwa umeandikwa: wewe peke yako unahusika na uzembe huu.

"Hapa," nikasema. "Peke yako. Hili neno liondoke."

"Barua imeshapigwa chapa, mama. Ina nakala tatu."

"Ipigwe tena."

Alinitazama. Walionisubiri nyuma wakaanza kulalamika kuhusu chakula. Zamani kidogo tu, wiki mbili kabla, ningeona haya, ningesema basi, ningetia saini nikazungusha mkia wa herufi nikaondoka. Sikuondoka. Nilikaa pale mikono nimeikunja mpaka akatia karatasi mpya kwenye mashine yake ya chapa, na karatasi za kaboni, na kuipiga upya yote kuanzia juu, herufi moja moja, kwa hasira. Akanipa. Nikasoma tena toka tarehe. Peke yako haikuwepo. Uzembe ulikuwepo, na ulikuwa wangu, sikuukataa.

Nikatia saini. Jina langu tu, bila mkia.